Ukuta Ni Nusu ya Sentensi

MASWALI YA WASOMAJI

Tangu tulipochapisha picha ya ukuta mmoja wa Ilala ulioandikwa NYUMBA HII HAIUZWI kwa rangi nyeusi, nimepokea barua nyingi kuliko nilivyotarajia, baadhi za kupongeza na nyingi zaidi za kulaumu. Nimechagua nne ambazo, kila moja kwa njia yake, zinauliza jambo lile lile: maneno machache yaliyoandikwa ukutani bila picha yana nini hata tuyajadili?

Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga na kwa miaka kadhaa nimewafundisha vijana uchoraji. Ninapoona ukuta uliochorwa uso wa mtu au ndege, hata kama umechorwa bila ruhusa, ninakubali kwamba mchoraji ana kipaji. Ninachoshindwa kukubali ni ninyi kuweka picha ya maneno matatu yaliyoandikwa na mtu asiyejua hata kupima nafasi ya herufi, kisha mkaiita grafiti na kuisifu. Sanaa iko wapi hapo? (Mwalimu, Tanga)

Mwalimu, kuhusu nafasi ya herufi hujakosea. Aliyeandika alianza na herufi kubwa zenye urefu wa mkono, akafika katikati ya neno la tatu, akagundua kwamba ukuta unamwishia, na ikambidi azibane W na I chini ya dirisha kama abiria wawili waliochelewa kupanda daladala. Wala sidai kwamba mtu huyo ni mchoraji. Ninachodai ni kwamba ameandika sentensi ambayo waandishi wengi wa magazeti, na mimi nikiwa mmojawao, tungeona fahari kuiandika.

Litazame neno HAIUZWI. Lina herufi saba tu. Kiambishi cha kwanza kinakanusha, cha pili kinairejelea nyumba, kisha unakuja mzizi wa kuuza, ikifuata kauli ya kutendwa na kiishio chake. Nguvu yote ya sentensi imo katika ile W. Mwenye nyumba angeweza kuandika "Siuzi nyumba yangu," lakini angekuwa anajibu swali ambalo yeye hakuulizwa, kwa sababu anayetaka kuiuza nyumba hiyo, kwa kawaida, ni mtu mwingine kabisa: ndugu anayegombea mirathi kabla arobaini ya marehemu haijatimia, au dalali, au mpangaji wa chumba kimoja ambaye amekuwa akiwatembeza wageni sebuleni huku akijiita mmiliki. Kauli ya kutendwa inawafungia mlango wote hao bila kumtaja hata mmoja, na mpita njia asiyejua chochote kuhusu familia hiyo anaanza papo hapo kujiuliza ni nani aliyetaka kuiuza. Hadithi nzima ya ukoo inasomwa ndani ya konsonanti moja. Ndiyo sababu nilicheka, bila dharau, nilipoona kwamba W ni mojawapo ya herufi mbili zilizokosa nafasi.

Sasa fanya jaribio dogo na wanafunzi wako. Waandikie maneno hayo hayo katika karatasi nyeupe, uiweke mezani. Nyumba hii ipi? Neno "hii" linaning'inia hewani, kwa maana halina cha kuonyesha. Ndege uliyemchora kwenye ukuta wa Tanga anaweza kuhamishiwa ukuta wa Korogwe na akabaki kuwa ndege, ilhali maneno haya ukiyahamisha ama yanakufa, ama yanageuka kuwa uongo kuhusu nyumba ya mtu mwingine. Ukuta ni nusu ya sentensi. Hapo ndipo ninapoiona sanaa unayoitafuta, yaani katika kuchagua maneno ambayo mahali penyewe ndipo panapoyakamilisha.

Jambo hili si letu peke yetu. Mwezi wa Januari 1969, katika mji wa Derry huko Ireland ya Kaskazini, wakati Wakatoliki wa mtaa wa Bogside walipokuwa katika mvutano mkali na polisi, ukuta wa upande wa nyumba moja ya pembeni uliandikwa maneno ambayo kwa Kiswahili yangekuwa: "Sasa unaingia Derry Huru." Maneno hayo hayana tusi wala dai, na hayataji adui. Yameazima lugha ya vile vibao vya barabarani vinavyomkaribisha dereva mjini, na kwa kuiazima yanamjulisha askari kwamba amevuka mpaka. Nyumba zilizoungana na ukuta huo zilibomolewa baadaye, lakini ukuta wenyewe ukaachwa umesimama peke yake kando ya barabara, nao uko pale hadi leo. Wanafunzi wa Paris walifanya jambo linalofanana na hilo Mei 1968. Kuta za Ufaransa zimezoea kubeba onyo la serikali la kukataza kubandika matangazo, onyo linalotaja sheria ya tarehe 29 Julai 1881, nao wakaandika: "Ni marufuku kupiga marufuku." Mtu ambaye hajawahi kuishi kati ya kuta zenye makatazo hawezi kuuona utani wake.

Nikurudishe nyumbani kwa mfano ambao bila shaka umo sandukuni kwako. Jina la kanga ni mstari mmoja tu, na likiwa bado limekunjwa dukani halimuumizi mtu. Mvaaji anapolipitisha mbele ya mlango fulani, saa fulani, mgongo wake ukielekea dirisha fulani, mtaa mzima unajua nani amejibiwa, na mwenye kujibiwa hana pa kushtaki.

Assalaam aleikum. Marehemu babu yangu, aliyekuwa baharia, alizoea kutusimulia kwamba huko Australia kulikuwa na mtu aliyeandika neno moja tu barabarani maisha yake yote, usiku usiku, na hakuna aliyemjua. Sisi wajukuu tulidhani ni hadithi za mabaharia. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, neno lenyewe lilikuwa lipi? (Msomaji, Mombasa)

Waaleikum salaam, dada. Babu yako alisema kweli, ila saa alizitaja mapema kidogo, kwa maana mtu huyo alikuwa wa alfajiri.

Aliitwa Arthur Stace, mzaliwa wa Sydney mwaka 1885, mtoto wa wazazi walevi, naye akawa mlevi tangu ujana. Alikwenda katika Vita Kuu ya Kwanza kama mbeba machela, akarudi, akaendelea kunywa. Mwaka 1930 aliingia katika kanisa moja la mjini humo lililokuwa likiwapa chai na chakula watu wasio na kazi, akasikia mahubiri, akaacha pombe. Miaka miwili baadaye, tarehe 14 Novemba 1932, katika kanisa la Wabaptisti la mtaa wa Darlinghurst, alimsikia mhubiri John Ridley akitamani lau angeweza kulipaza neno "Eternity" katika barabara zote za Sydney. Neno hilo maana yake ni umilele. Stace alikuwa na kipande cha chaki mfukoni. Alitoka nje, akapiga magoti, akaliandika njiani.

Tangu siku hiyo, kwa takriban miaka 35, alikuwa akiamka kabla ya jua, akiomba, kisha akitoka na chaki ya njano kuandika neno hilo hilo kwenye njia za waenda kwa miguu. Inakadiriwa kwamba aliliandika mara nusu milioni. Ukigawanya hesabu hiyo, unapata takriban mara 39 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, na kila mara akiwa ameinama au amepiga magoti kwenye saruji yenye umande. Kilichowashangaza watu walipokuja kumjua ni kwamba alikuwa karibu hajui kusoma wala kuandika, na yeye mwenyewe alisema kwamba hata jina lake alikuwa akiliandika kwa shida, ilhali neno hilo lilimtoka kwa hati ya mviringo, herufi zimeunganishwa vizuri kama za karani wa zamani.

Hakuna aliyejua mwandishi ni nani hadi mwaka 1956, pale mchungaji wa kanisa lake alipomwona akiandika na kumuuliza. Kwa hiyo, kwa miaka 24, wakazi wa Sydney walikuwa wakienda kazini asubuhi wakilikanyaga neno lisilo na mwenyewe. Mimi naamini hapo ndipo nguvu yake ilipotoka, zaidi hata ya maana yake ya kidini, ingawa najua wasomaji wengine watanipinga. Mahubiri ya mtu unayemjua unaweza kuyakataa kwa kumkataa mhubiri, kwa kusema kwamba huyu jana alikuwa kilabuni. Neno ambalo halina saini halikupi mtu wa kumkataa, na kila anayelikuta anahisi limeandikwa kwa ajili yake. Zaidi ya hayo, chaki haidumu. Mvua ikinyesha neno limekwenda, na mwandishi hana budi kurudi kesho, na huko kurudi ndiko kulikolifanya neno moja liwe mazungumzo ya mji mzima. (Nimejaribu kuwaza Stace wa Mombasa akiandika MILELE pale Makadara. Nachelea kwamba watu wangedhani ni jina la bendi ya taarabu, kwa jinsi nyimbo za mapenzi zilivyokwisha kulichosha neno letu.)

Polisi walimsimamisha mara nyingi, kwa sababu kanuni za halmashauri ya jiji zilikataza kuandika barabarani. Alifariki mwaka 1967. Usiku wa kuukaribisha mwaka 2000, fataki zilipokwisha kulipuka juu ya daraja kuu la Sydney, jiji lile lile ambalo kanuni zake alizivunja kila alfajiri liliwasha taa darajani zikaunda neno lake, kwa mwandiko wake. Na ndani ya kengele kubwa ya saa ya Posta Kuu ya jiji hilo, mahali ambapo mvua haifiki, lilikutwa neno lake moja la chaki.

Ndugu Mhariri, ninaona mnawadanganya vijana. Kila mara mtu anapotaka kuyasifu maandishi ya ukutani hutaja watoto wa Daraa kule Syria, kana kwamba rangi ya kopo iliangusha serikali. Ukuta haujawahi kuangusha mtu, isipokuwa umemwangukia. (Msomaji, Nairobi)

Ndugu yangu, sentensi yako ya mwisho ingefaa kuandikwa ukutani, na katika sehemu kubwa ya hoja yako niko upande wako.

Kwa wasioijua habari hiyo: mwanzoni mwa 2011, marais wa Tunisia na Misri walipokuwa wamekwisha kuondolewa madarakani mmoja baada ya mwingine, wavulana wa shule katika mji wa Daraa waliandika ukutani maneno ambayo maana yake ni "Zamu yako imefika, Daktari." Walikamatwa na kuteswa. Wazee wao walipokwenda kuwaombea walidharauliwa, na Machi mwaka huo watu wakajaa barabarani, wakapigwa risasi. Serikali ya Bashar al-Assad ilianguka Desemba 2024, takriban miaka 14 baadaye, baada ya vita vilivyoua mamia ya maelfu ya watu. Anayesema kwamba maneno manne yalifanya yote hayo anawadhulumu waliokufa. Kilichowasha moto ni mateso ya watoto, na kuni zilikuwa zimekwisha kukauka kwa miaka mingi.

Hata hivyo, nakuomba ujiulize kwa nini dola yenye majeshi na magereza iliogopa mwandiko wa wavulana. Hawakumtukana mtu wala hawakutaja jina. Assad alisomea udaktari wa macho, na kila Msyria alijua daktari ni yupi, kwa hiyo msomaji mwenyewe ndiye aliyelijaza jina kichwani, na kwa kulijaza akawa mshiriki. Kisha kuna lile neno "zamu," ambalo kwa Kiarabu ni lile lile tulilolipokea sisi tukalifanya duru. Huwezi kuwa na zamu pasipo foleni. Neno moja liliwapanga marais mstari, likawaonyesha wawili waliokwisha kuhudumiwa, na kumwonyesha wa tatu amesimama dirishani. Mtu anaweza kuandika kurasa kumi za uchambuzi wa siasa za Mashariki ya Kati asiseme zaidi ya hapo.

Kwa kuwa unaandika kutoka Nairobi, utakumbuka pia mwanzo wa 2008, wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi. Msanii Solomon Muyundo, ajulikanaye kama Solo 7, alizunguka Kibera akiandika kwenye kuta, mageti na vibanda maneno ya Kiingereza yaliyomaanisha kwamba amani inatafutwa, ikiwa hai. Ni lugha ya yale matangazo ya kumsaka mhalifu, akiwa hai au amekufa, ila yeye aliliondoa lile neno la kifo, na mahali pa jambazi akaiweka amani, kana kwamba imetoroka na huenda imejificha katika kibanda cha jirani. Sisemi kwamba yeye ndiye aliyeyazima machafuko. Mkataba ulitiwa saini na Mwai Kibaki na Raila Odinga tarehe 28 Februari 2008, baada ya usuluhishi wa Kofi Annan, na sifa hiyo ina wenyewe. Lakini katika wiki ambazo kila anayetoka nje alikuwa akisoma kwenye milango ya watu dalili za kabila gani linakaa wapi, kulikuwa na mtu aliyehakikisha kwamba kuna jambo jingine la kusoma.

Na kama bado unadhani ukuta hauna nguvu, waulize wakazi wa Dar es Salaam waliowahi kuamka wakakuta nyumba zao, zilizo ndani ya hifadhi ya barabara, zimepigwa X nyekundu. Ni herufi moja, wala si neno, na mwenye nyumba huanza siku hiyo hiyo kutafuta pa kupeleka vitanda.

Shikamoo Mhariri. Mimi ni kijana wa Tandale. Mtaro unaopita nyuma ya nyumba zetu umejaa chupa na mifuko, na masika yakija maji yanaingia ndani. Tumepata ruhusa ya mwenye ukuta ulio kando ya mtaro na ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na tumechanga fedha za rangi. Tunataka kuandika: "Wananchi wote mnaombwa kuacha mara moja tabia ya kutupa taka ovyo katika mtaro huu kwa kuwa mnasababisha mafuriko na magonjwa ya mlipuko kwa wakazi wa eneo hili." Naomba uturekebishie. (Kijana, Dar es Salaam)

Marahaba, kijana wangu. Nimefurahi kwamba mmeanza na ruhusa, kwa sababu mwenye ukuta asiyeulizwa huwa na haki ya kukasirika, na sheria iko upande wake hata kama ujumbe ni mzuri.

Maneno yenu ni zaidi ya ishirini, na hayo ni mengi kwa mtu aliyeshika ndoo ya taka mkononi na anayetazama nyuma kuona kama kuna anayemwona. "Wananchi wote" yaondoeni, maana anayesoma anajua kwamba yeye ni mwananchi, na neno "wote" linampa nafasi ya kudhani mnawasema wengine. "Mnaombwa" nalo liende, kwa kuwa ni sauti ya barua ya ofisini, na watu wa Tandale wameombwa na ofisi mambo mengi. "Mara moja," "tabia" na "ovyo" ni maneno ya kugomba, na mtu akigombwa na ukuta hujibu kwa kuutupia taka. Mafuriko na magonjwa ya mlipuko yanajulikana na kila mtu ambaye godoro lake limewahi kuelea.

Yanabaki "taka" na "mtaro huu." Mtaro wenyewe upo pale chini ya maandishi, kwa hiyo hakuna haja ya kuutaja. Zinabaki taka, ambazo msomaji amezishika. Jambo pekee asilolifikiri kwa wakati ule ni kwamba maji yatazirudisha, na kwa hilo Kiswahili kinatosha kwa neno moja: ZITARUDI.

Najua wenzako watasema kwamba halieleweki. Mbele ya sokoni lisingeeleweka, lakini juu ya mtaro uliojaa chupa, kwa mtu ambaye masika yaliyopita alizifagia chupa hizo hizo kutoka chumbani kwake, litaeleweka kabla hajalimaliza. Wakisisitiza, kubalini TAKA HIZI ZITARUDI, lakini msiongeze hapo, wala msiandike jina la kikundi chenu chini yake, angalau kwa mwaka wa kwanza.

Kuhusu vipimo, ujumbe wenu ni wa watembea kwa miguu, hivyo hamhitaji herufi kubwa kama zile za kando ya barabara kuu, ambako abiria wa daladala inayokwenda kilomita 40 kwa saa huupita ukuta wa mita 20 kwa chini ya sekunde mbili. Herufi za urefu wa sentimita 30 zitatosha. Ziwekeni juu ya alama ya tope iliyoachwa na mafuriko yaliyopita, na alama yenyewe msiifute. Pakeni kwanza rangi nyeupe ya maji, ikauke, ndipo muandike kwa rangi nyeusi ya mafuta. Kabla ya kugusa brashi, piga mistari kwa penseli na uzigawanye herufi zote nane kwa futi ya fundi, usije ukajikuta I ya mwisho imekosa pa kukaa.